Je, Wajua? Kidonda Kina Kalenda Yake

Kanyaruchinya ipo kaskazini mwa Goma, kando ya barabara ya Rutshuru, chini ya volkano ya Nyiragongo. Pale ardhi ni lava iliyoganda. Ukiteleza, jiwe linakata. Mwaka 2012, na tena kuanzia 2022, wakimbizi wa ndani walijenga vibanda vya bashi, yaani turubai, juu ya mawe hayo, na mara zote mbili vita vikawahamisha ghafla. Safu hii inauliza mwili ulioumia mahali kama pale hufanya nini, na kwa nini mara nyingine uvimbe wake haukomi.

Je, wajua kwamba mguu uliojikata huvimba kwa makusudi? Ngozi ikichanika, seli ziitwazo masti, ambazo hukaa ndani ya tishu zikisubiri siku kama hiyo, humwaga histamini. Mishipa midogo ya damu hutanuka, kuta zake hulegea, maji na seli nyeupe hupenya hadi penye jeraha. Damu nyingi huleta joto, maji huleta uvimbe, na kemikali ziitwazo prostaglandini huamsha neva ili uache kuukanyagia mguu huo. Vitabu vya tiba huyaita yote hayo mchochota. Mwili usiovimba haufungi kidonda.

Je, wajua kwamba dalili zake nne ziliandikwa karibu miaka 2000 iliyopita? Mrumi Celsus alizitaja hivi: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Orodha hiyo bado inafundishwa, na ina kasoro moja ambayo walimu wengi huipita: Celsus aliangalia ngozi za Warumi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Sehemu iliyochochotwa huelekea zambarau au kijivu, au huwa nyeusi kuliko ngozi ya jirani. Mhudumu anayengoja kuona wekundu kwenye mguu wa mtu wa Rutshuru atachelewa. Heri aweke mgongo wa mkono wake pale kupima joto, aangalie kama ngozi imekaza na kung'aa, kisha alinganishe na mguu wa pili.

Je, wajua nani hufika kwanza? Ni nyutrofili, seli nyeupe ambazo uboho wa mifupa hutengeneza kiasi cha bilioni 100 kila siku. Hufika ndani ya saa chache, humeza vijidudu, na nyingi hufia hapohapo. Usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga yao. Siku ya pili au ya tatu hufuata makrofaji, seli kubwa zinazosafisha mabaki na kuita seli za ujenzi. Vitabu hupenda kuziita zote hizi askari. Watu wa Kanyaruchinya wameona askari wa kutosha. Hapa tutaziita wafanyakazi wa zamu.

Je, wajua kwamba siri ya wafanyakazi hao ilifichuliwa na mwiba? Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, mwanasayansi Elie Metchnikoff alichoma miiba midogo ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pweza, wanaopenyeza mwanga kiasi cha kuonekana hadi ndani. Asubuhi yake aliikuta miiba imezungukwa na seli zinazotembea. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobeli.

Je, wajua kwamba aspirini ilitumika zaidi ya miaka 70 kabla ya mtu yeyote kujua inafanyaje kazi? Mwaka 1971 ndipo Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba inazuia mwili kutengeneza prostaglandini.

Je, wajua kalenda ya kidonda? Dakika za kwanza ni za kuziba damu. Siku tatu nne zinazofuata ni za mchochota. Kisha, hadi wiki ya tatu hivi, seli ziitwazo faibroblasti hufuma nyuzi za kolajeni, mishipa mipya ya damu huchipua, na ngozi hutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Nyama laini nyekundu yenye vinundu unayoiona chini ya bandeji ni habari njema. Anayeikwangua akidhani ni uchafu anarudisha kazi nyuma. Baada ya hapo huja kipindi kirefu kuliko vyote, cha mwaka mzima au zaidi, ambapo kolajeni ya haraka huondolewa na nyingine imara kuwekwa mahali pake. Wakazi wa Goma wanaujua mtindo huo: bashi kwanza, nyumba ya mbao baadaye. Mwishoni mwa wiki ya tatu, kidonda kilichofunga kina takriban asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi ya awali, na hata kovu lililokomaa halipiti asilimia 80. Kwa hiyo mtu anayebeba bidoni ya lita 20 mgongoni wiki ya tatu baada ya upasuaji wa tumbo anauweka mzigo huo juu ya uzi ambao haujakaza. Kila mtu kambini anajua kwamba mgonjwa huyo hana mwingine wa kumchotea maji, na hapo ndipo kalenda ya mwili inapogongana na ya mahali.

Je, wajua kwamba kovu la zamani linaweza kufunguka tena? Meli za Kamanda George Anson wa Uingereza zilipoizunguka dunia kuanzia 1740, mabaharia walipatwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Kasisi wa safari hiyo aliandika habari za baharia mmoja aliyejeruhiwa katika vita vya Boyne, Ireland, mwaka 1690. Vidonda vyake vilikuwa vimepona kwa nusu karne. Baharini vikafunguka upya, na mfupa wake uliovunjika zamani na kuunga ukaachana tena. Sababu ni kwamba kolajeni ya kovu haikai milele: huvunjwa na kufumwa upya maisha yote, na ufumaji huo hauwezekani bila vitamini C. Mgao wa kawaida wa msaada ni unga wa mahindi, kunde au maharage, mafuta na chumvi; vitamini C karibu haimo. Miaka ya 1980 kiseyeye kilizuka miongoni mwa wakimbizi wa Ethiopia katika kambi za Somalia na Sudan, watu waliokuwa wakipokea chakula kila mwezi. Dawa yake ni rahisi kiasi cha kukera: miligramu 10 kwa siku zinatosha kukizuia, na pera moja lina nyingi kuliko hizo mara kadhaa. Sombe, majani ya muhogo, nayo ina vitamini C ikiwa mbichi, ila kuitwanga na kuichemsha muda mrefu, jambo la lazima ili kuondoa sumu yake, huipoteza sehemu kubwa.

Je, wajua kwamba kidonda cha risasi hakishonwi siku ileile? Ndugu wa majeruhi hushtuka kuona daktari amekata nyama iliyokufa, amesafisha, kisha akaacha jeraha wazi chini ya bandeji. Hajazembea. Risasi na kipande cha bomu huingiza udongo na vipande vya nguo ndani ya nyama, na kukishona kidonda hicho ni kufungia vijidudu ndani. Baada ya siku nne hadi saba, kikiwa safi, ndipo hufungwa. Somo hilo lilijifunzwa kwa gharama kubwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mmoja wa walioling'ang'ania ni mpasuaji Mbelgiji Antoine Depage, hospitalini kwake De Panne. Leo ndiyo kanuni ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ambayo timu yake ya upasuaji hufanya kazi katika Hospitali ya CBCA Ndosho, Goma. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, majeruhi waliolala pale walizidi vitanda.

Haya, ya harakaharaka. Je, wajua kwamba kidonda cha mdomoni hupona upesi kuliko cha ngozi na mara nyingi hakiachi kovu? Je, wajua kwamba mtoto aliye tumboni, katika miezi ya mwanzo, hupona bila kovu kabisa? Je, wajua kwamba mgonjwa wa mpox bado anaambukiza mpaka kila gamba lianguke na ngozi mpya ionekane chini yake, kazi ambayo kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne? Je, wajua kwamba kati ya wagonjwa 118 wa majeraha ya moto waliochunguzwa Uingereza na Wales, walioungua usiku walichukua wastani wa siku 28 kupona na walioungua mchana siku 17? Utafiti huo ulitoka 2017: faibroblasti zina saa yake, na mchana hutembea kwa kasi zaidi kuelekea kwenye jeraha.

Kuhusu kuungua, je, wajua kwamba dawa ya kwanza ni maji ya kawaida, yanayotiririka kwa dakika 20, na kwamba yanasaidia hata kama saa mbili tatu zimepita? Ushauri huo uliandikwa na watu wenye bomba. Kanyaruchinya mvua inanyesha sana, lakini lava ina matundu na maji yote huzama; hakuna kijito, na maji ya kambi yaliletwa kwa lori na kugawanywa kwenye matangi. Beseni moja hufaa pia: tumbukiza mkono humo, au lowesha kitambaa safi na kukibadilisha kila mara. Dawa ya meno, majivu na unga wa kapsuli ya antibiotiki havina kazi hapo, isipokuwa kumpa muuguzi kitu cha ziada cha kukwangua.

Je, wajua kwamba mchochota hauishi wenyewe, unazimwa? Zamani ilidhaniwa kwamba kemikali za uvimbe huchuja tu kidogokidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Charles Serhan na wenzake, mjini Boston, walionyesha kwamba mwili hutengeneza kemikali maalumu za kufunga kazi, walizoziita resolvini. Nyutrofili huambiwa zisije tena, makrofaji huambiwa zisafishe na kuondoka. Malighafi ya resolvini ni mafuta ya omega-3, na samaki wana mafuta hayo. Ziwa Kivu lina sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Sisemi kwamba sahani ya sambaza hufunga kidonda. Nasema mwili unaotakiwa kuzima kazi yake hauwezi kufanya hivyo kwa unga na chumvi peke yake.

Je, wajua donda ndugu ni nini hasa? Ni kidonda kilichokwama kwenye siku za mwanzo za kalenda. Nyutrofili huendelea kuja wiki baada ya wiki, na vimeng'enya vyao, vilivyokusudiwa kuyeyusha vijidudu na nyama mfu, vinakula kolajeni changa inayofumwa. Kinachojengwa usiku kinabomolewa mchana. Mambo yanayokikwamisha yanajulikana: uchafu uliobaki ndani, sukari ya damu iliyo juu, damu isiyofika vizuri mguuni, njaa, na kuumia palepale kila siku. Hili la mwisho lipewe uzito wake pale ambapo mtoto hana viatu na kila njia ni mawe yenye makali.

Je, wajua kwamba msongo wa mawazo huchelewesha kidonda, na kwamba ucheleweshaji huo umepimwa kwa siku? Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, na wengine 13 wa umri huohuo wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo mkononi, cha milimita 3.5, kwa idhini yake. Wasio na mzigo walipona kwa wastani wa siku 39. Wauguzaji walichukua karibu 49. Siku tisa au kumi zaidi, na hao ni watu waliokuwa na nyumba, kitanda na chakula. Homoni za msongo, kortisoli kwanza, hupunguza ujumbe unaoita seli za zamu mwanzoni. Kazi huanza kwa kusuasua na kuburuta hadi mwisho. Sijui kwa nini matokeo haya hayabandikwi ukutani katika kila ofisi inayopanga misaada. Tunazoea kuhesabu mablanketi, na usingizi wa mtu anayesikia mabomu hauna fomu ya kuujaza.

Je, wajua kwamba kipindupindu, pamoja na ukatili wake wote, karibu hakichochoti utumbo? Sumu yake hufungulia bomba: maji na chumvi humwagika kutoka mwilini, lakini ukuta wa utumbo unabaki mzima. Ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari yakinywewa hufyonzwa na kuokoa maisha. Kuhara damu kwa shigela ni kinyume chake: bakteria hupenya ukutani, nyutrofili hufurika, vidonda hutokea, na kinachotoka ni damu na kamasi. Maeneo haya yaliyaona yote mawili kwa mfululizo wa kutisha. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, wakatawanyika Munigi, Kibumba na kwingineko, na Kanyaruchinya ikiwa katikati ya barabara hiyo. Kipindupindu kilianza, kuhara damu kukafuata, na karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Makaburi hayakuchimbika kwa sababu ya lava. Desemba 2022 kipindupindu kilitangazwa tena katika eneo la afya la Nyiragongo, safari hii wagonjwa wakiwa Wakongomani waliokimbia Rutshuru.

Je, wajua kwamba utando wa ndani wa utumbo wako wa wiki iliyopita haupo tena? Hujifanya upya kila siku tatu hadi tano. Mtoto anayemeza vijidudu vya choo kila siku, hata asipoharisha, hubaki na mchochota wa chinichini usiokoma. Vinyweleo vinavyofyonza chakula hupungua urefu, ukuta huvuja, na nguvu iliyotakiwa kumkuza hutumika kuvimba. Unaweza kumpa uji mzuri na asirefuke. Kwa mtoto huyo choo safi ni sehemu ya lishe.

Je, wajua kwamba moshi wa jikoni ni jeraha la kila siku? Chembe za moshi wa makala na kuni hufika hadi kwenye vifuko vya mapafu. Makrofaji huzimeza, hushindwa kuzisaga, na hubaki zikiita wenzao. Miaka ikipita njia za hewa hunenepa na kovu hujengeka ndani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2. Ndani ya kibanda cha bashi kisicho na dirisha, mvua ikinyesha, hakuna pa kulihamishia jiko. Ongeza hapo gesi ya salfa kutoka Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira, inayowasha koo na kuamsha pumu.

Je, wajua kwamba kidonge kinachonunuliwa ili kunenepa huzima uponyaji? Katika miji ya Kongo, deksametazoni, dexa kwa lugha ya mtaani, humezwa na watu wanaotaka mashavu na makalio. Ni dawa nzito ya jamii ya steroidi. Mikononi mwa daktari ina heshima yake: Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba ilipunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, kwa kuwa mchochota ndio uliokuwa ukiwaua. Ukiinywa miezi kadhaa kwa ajili ya umbo, ngozi huwa nyembamba, vidonda hugoma kufunga, na vijidudu hupata nafasi bila hata homa ya kukuonya. Kuiacha ghafla nako kuna hatari, maana mwili umesahau kutengeneza kortisoli yake.

Je, wajua kwamba udongo wa volkano unaweza kuvimbisha miguu bila mdudu yeyote? Ugonjwa huo huitwa podokoniosi. Lava ikikaa maelfu ya miaka huwa udongo mwekundu wa mfinyanzi. Chembe zake hupenya nyayo za anayelima pekupeku na kuchochota mishipa ya limfu mpaka inaziba. Mguu huvimba na kufanana na wa matende, lakini mbu hahusiki. Mwingereza Ernest Price ndiye aliyefuatilia jambo hilo Ethiopia. Rwanda ilichunguza nchi nzima mwaka 2017 na kukadiria wagonjwa 6,429. Kinga ni viatu na sabuni. Uganda nayo ina wagonjwa katika maeneo ya volkano zake.

Je, wajua kwamba kidonda kisichouma na kisichovimba kinaweza kuwa kibaya zaidi? Kidonda cha Buruli kimepewa jina la eneo la Uganda. Daktari Albert Cook aliandika juu ya vidonda vya namna hiyo huko Mengo mwaka 1897. Bakteria wake hutoa sumu iitwayo mikolaktoni, inayoua nyama, kufisha maumivu na kuwazuia wafanyakazi wa zamu wasije. Mgonjwa hahisi haraka ya kwenda zahanati. Miaka ya 1960 ugonjwa huo uliwakumba wakimbizi wa Rwanda waliopewa makazi Kinyara, magharibi ya Uganda, na utafiti wa huko ulisaidia kuueleza. Siku hizi hutibiwa kwa wiki nane za antibiotiki mbili.

Je, wajua kwamba chakula cha Kilimanjaro kimewekwa kwenye mizani ya mchochota? Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha jaribio la wanaume 77 wenye afya. Waliozoea ndizi, mtama, maharage na mboga za kienyeji walipewa soseji, chipsi na mkate mweupe kwa wiki mbili. Alama za mchochota katika damu zikapanda. Waliozoea chakula cha mjini wakarudishwa kwenye cha wazee; zikashuka. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja, nalo likaonyesha nafuu. Wanywaji wasishangilie mapema: wiki moja ni wiki moja.

Je, wajua kwamba Kenya kuna panya anayevua ngozi? Wanyama wawindaji wakimkamata panya-miiba, ngozi yake huchanika na kubaki mdomoni mwao. Mwaka 2012 mtafiti Ashley Seifert, pamoja na Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao, waliripoti kuhusu panya hao kutoka Laikipia: mmoja aweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo na kuiotesha tena pamoja na manyoya, bila kovu kama letu. Tundu la milimita 4 sikioni lilijaa ngozi, mafuta na gegedu mpya. Utafiti wa baadaye uliziondoa makrofaji za panya hao, na uoteshaji ukakwama. Hata bingwa wa kupona bila kovu anahitaji mchochota, ila wake hufuata mpangilio mwingine.

Je, wajua kwamba fistula ya uzazi huanza kwa damu kutofika? Kichwa cha mtoto kikikwama kwa siku mbili tatu, hubana nyama kati ya kibofu na njia ya uzazi mpaka inakufa na kudondoka, na tundu linabaki. Wapasuaji wengi husubiri kiasi cha miezi mitatu kabla ya kushona, ili mchochota utulie na kingo zikaze. Uzi haushiki kwenye nyama iliyovimba. Baada ya kushona, mrija wa mkojo hukaa wiki moja hadi mbili. HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa Goma na daktari Jo Lusi na mkewe Lyn mwaka 2000, na Panzi ya daktari Denis Mukwege kule Bukavu, zimeifanya kazi hii kwa miaka. Hesabu sasa: miezi mitatu ya kusubiri, wiki moja au mbili za mrija, miezi kadhaa ya kutobeba mizigo. Novemba 2012 kambi ya Kanyaruchinya ilikimbiwa ndani ya siku moja. Mwanzoni mwa 2025 ikabomolewa.

Je, wajua kwamba kovu linalozidi mipaka ya jeraha, keloidi, huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika? Si laana, na kulikata peke yake mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi.

Je, wajua kwamba donda la miaka mingi linaweza kugeuka saratani? Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika kuhusu vidonda vya namna hiyo mwaka 1828, na hadi leo vinabeba jina lake. Mara nyingi hutokea kwenye kovu la kuungua lisilotulia au kidonda cha mguu kilichochochotwa kwa miongo miwili mitatu: seli zinazogawanyika bila kupumzika hukosea, na kosa moja hushika. Dalili ni kingo zinazonyanyuka, damu inayotoka kwa kuguswa tu, harufu mpya, au maumivu yaliyobadilika. Kidonda cha namna hiyo, au chochote kilichopita miezi mitatu kikitibiwa vizuri bila kupungua, hakihitaji poda nyingine. Kipande kidogo kikatwe na kupelekwa maabara, na kikatwe ukingoni. Katikati maabara itakuta nyama mfu tu.